Aliyefunguliwa donda la moyo asiachwe njiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu matibabu ya watu walioumizwa nafsi na maafa.

Sisi wakazi wa Morogoro hatutaisahau Jumamosi ya Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu na kulipuka huku watu wakichota petroli. Zaidi ya watu 100 walifariki dunia. Rais Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo, na majeruhi wenye hali mbaya walihamishiwa Muhimbili. Madaktari na wauguzi walifanya kazi kubwa ambayo wananchi tunaishukuru.

Lakini donda la moto huonekana, la moyo halionekani. Mtu aliyenusurika moto wa namna ile anaweza kukaa miaka mingi akishtuka usiku, au akitetemeka kwa harufu tu ya petroli. Majirani humwambia asahau. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tiba yake ipo. Mojawapo ni mgonjwa kumsimulia mtaalamu tukio lote, hatua kwa hatua, mpaka kumbukumbu ile ipungue ukali. Ni tiba nzuri lakini nzito, na hapo ndipo penye hoja yangu. Muuguzi wa donda la moto hafungui bandeji kisha akaenda zake. Kwanza huandaa dawa, husita mgonjwa akisema maumivu yamezidi, hufunga upya na kumpangia siku ya kurudi. Kwa nini donda la moyo lifunguliwe kwa kikao kimoja, tena pengine kwenye benchi la nje mbele ya watu?

Daktari Judith Herman wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alieleza kuwa hatua ya kwanza ni mgonjwa kuwa salama. Kusimulia hufuata baadaye. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, lilionya kwamba aliyepatwa na maafa asishinikizwe kueleza yaliyompata.

Wapo watakaosema kuwa wataalamu ni wachache. Ni kweli. Hata hivyo, huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, watoto waliofiwa na wazazi walihudumiwa na watu wasio madaktari, waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Vilikuwapo vikao 12 vya kikundi, na vingine vya mtoto peke yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa kazi hiyo inawezekana, ingawa mafanikio hayakulingana kila mahali.

Sasa mfikirie mgonjwa anayetoka Mgeta au Matombo, huko milimani. Asubuhi amesimulia mambo mazito mjini. Jioni yuko kijijini, kumbukumbu zimeamka, na wa kumwuliza hali hayupo. Huyo tumemtibu au tumemwongezea mzigo?

Kwa hiyo naziomba mamlaka zinazohusika zizingatie haya. Mgonjwa asianzishiwe tiba hiyo kabla ya kujua tarehe za kurudi na namna ya kupata nauli. Azungumze mahali pa faragha, siri yake itunzwe, na akisema "basi kwa leo" asikilizwe. Kwetu Uluguru mtu ana wajomba na ukoo wa mama. Basi ndugu mmoja, atakayechaguliwa na mgonjwa mwenyewe, aelezwe nini cha kutarajia siku zinazofuata. Mhudumu wa afya wa kijiji apite kumjulia hali. Na hao wanaosikiliza machungu ya wenzao kila siku nao wapate wa kuwasikiliza.

Matanga huanuliwa, na watu hurudi makwao. Aliyeungua hubaki na yake. Tusimfungue donda kama hatujajiandaa kurudi kulifunga.

Msomaji wako,
Morogoro.