Kitenzi na Kijineno Chake: Maoni Kutoka Handeni na Korogwe

Mwanafunzi mmoja wa sekondari wilayani Handeni alipata kumweleza mwandishi wa maoni haya kwamba agizo la fizikia lenye maneno "carry out" lilimtaka avibebe vifaa na kuvitoa nje. Hakuwa mzembe. Alijua kuwa "carry" ni kubeba na "out" ni nje, akajumlisha. Wilayani Korogwe tulikuta kosa la aina hiyo katika hisabati: "work out" ilifasiriwa kuwa ni kufanya kazi nje. Haya si masihara. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hupambana na Kiingereza sekondari, na kijineno kimoja chaweza kumnyima alama hata kama somo lenyewe analijua.

Wapo wanaodai kwamba vitenzi virai vya namna hii ni vigeni kabisa kwa mzungumzaji wa lugha ya Kibantu, na kwamba dawa ni kukariri orodha. Hatukubaliani nao. Mwanafunzi huyohuyo akiambiwa, "chukulia kwamba x ni 5," hatafuti mzigo. Akiambiwa, "nichukulie mzigo huu," anaubeba. Umbo ni moja, maana ni mbili, na muktadha ndio unaomwelekeza. Vivyo hivyo "endelea" imetokana na "enda", kama "go on" ilivyotokana na "go". Lakini anayeendelea kulala haendi popote. Hapa kiambishi cha kutendea kimefanya kazi inayokaribiana na ile ya kijineno cha Kiingereza: kimesaidia kuunda leksimu mpya.

Ulinganisho huu una mipaka. Kiambishi hakibanduki kwenye kitenzi chake, ilhali Kiingereza huruhusu "carry it out". Tena si kila kitenzi kirai chenye mwenzake katika mnyambuliko wetu. Hata hivyo, kanuni ya msingi ni ileile: maana ya neno zima si lazima iwe jumla ya maana za sehemu zake.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mwalimu aanze na "chukulia" na "endelea" kabla ya kufika kwenye "carry out", na kila kitenzi kirai kifundishwe kama leksimu moja, ndani ya sentensi. Kupiga marufuku Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ni kumnyang'anya mwanafunzi ujuzi alioingia nao darasani.