Paka husema kwa mkia

Tunafuga paka ili panya wasitumalizie unga. Mchana analala sana; si uvivu, kwani anawinda zaidi jioni na alfajiri. Makucha anayaficha ndani ya vidole, kwa hiyo mtoto anadhani hana. Lakini paka huonya kwanza: mkia ukipiga huku na huku, masikio yakilala nyuma, amechoka kuchezewa. Tuwafundishe watoto kumwacha hapo hapo. Akimwuma mtoto au akimkwaruza, tuoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha twende kituo cha afya siku ile ile. Kichaa cha mbwa, hata paka anaweza kukileta, na dalili zikishaanza hakuna dawa ya kukiponya.