Ngozi ya Nje na Mafuta ya Ndani

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ng'ombe ni mali na heshima, na mgeni huandaliwa nyama. Hatusemi nyama ni mbaya, ni neema. Lakini wamo katika nyumba zetu ambao yawapasa kuila kwa kiasi zaidi, nao ni wenye maradhi ya ngozi yaitwayo soriasisi.

Maradhi haya huonekana kama mabaka mazito yenye magamba, hasa viwikoni, magotini na kichwani. Juu ya ngozi nyeusi mabaka huwa ya zambarau au kijivu. Si ukoma, si laana, wala hayaambukizi hata kidogo. Ni kinga ya mwili iliyokosa utaratibu, ikaifanya ngozi ikue upesi kupita kiasi. Basi amnyimaye mgonjwa mkono, au amwepukaye katika safu ya sala, amdhulumu bure.

Wengi hawajui kwamba moto huo haukomi ngozini, bali huenea mwilini. Madaktari wameona kwamba wenye soriasisi, hasa iliyo kali, mara nyingi huwa na mafuta mabaya mengi katika damu, yaani lehemu, kuliko watu wengine. Lehemu ikizidi hujishikiza katika mishipa, ikaifanya myembamba, na mwisho wake huweza kuwa maradhi ya moyo au kiharusi. Hatusemi kwamba lehemu ndiyo iletayo soriasisi. Twasema kwamba mawili hayo hupenda kufuatana. Tena baadhi ya vidonge vya soriasisi vyaweza kuzidisha mafuta hayo.

Lehemu haiumi wala haiwashi. Hujulikana kwa kupima damu. Basi mwenye mabaka asiridhike na dawa ya kupaka tu. Na aende hospitali, Tarime au Mugumu, aulize habari ya kipimo hicho. Nchi yetu haikosi wajuzi: huko KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992 kipo chuo kifundishacho utabibu wa ngozi.

Nyumbani, mama na aondoe shahamu katika nyama, azidishe maharage, mboga na samaki wa ziwani. Baba na aache tumbaku. Vijana na waitazame ngozi ya ndugu yao kwa huruma, si kwa hofu. Mwili ni amana, na amana hutunzwa nje na ndani.