AS/400 haijazeeka, wenye kuijua ndio wanapungua

Katika banki, depo ya bidhaa ao kiwanda, kuna mashine ambayo mteja haioni hata siku moja. Ndiyo inashika hesabu za akaunti, za mizigo na za mishahara. Katika nchi nyingi za dunia, mashine hiyo ni AS/400 ya kampuni IBM. Wafanyakazi wanaitambua kwa skrini nyeusi yenye herufi za kijani, na kwa sababu ya skrini hiyo wakurugenzi wengi wanaiona kuwa kitu cha kutupa. Hapo ndipo kosa linaanzia.

AS/400 ilizinduliwa mwezi wa sita 1988, kazi ya wahandisi wa IBM wa Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani. Ni kompyuta ya kati: ina nguvu kuliko ile ya mezani, lakini si kubwa kama zile za banki kubwa zinazojaza chumba kizima. Wahandisi wake, kati yao Frank Soltis, walitenganisha programu na chuma kilicho chini yake. Faida ilionekana 1995, IBM ilipobadilisha prosesa kutoka biti 48 hadi biti 64: programu nyingi za wateja ziliendelea kutumika bila kuandikwa upya. Tangu 2008 mfumo huo unaitwa IBM i, na unafanya kazi juu ya seva za kisasa.

Anayesema kwamba ni ya zamani anatazama skrini tu. Lugha yake RPG, iliyozaliwa 1959 wakati wa kadi za kutobolewa, leo inaandikwa kwa mtindo huru kama lugha zingine. Mashine hiyo inapokea pia Java, PHP na Python. Ili mteja aone salio kwenye telefone yake, hakuna haja ya kubomoa programu ya miaka 30. Inatosha kuijengea mlango, yaani programu ndogo ya mtandao inayouliza ile ya zamani na kurudisha jibu.

Lakini mlango unaopitisha mteja unaweza kupitisha mwizi pia. Zamani skrini nyingi ziliunganishwa kwa kebo zake peke yake. Leo mashine iko kwenye mtandao mmoja na kompyuta zingine zote. Mfanyakazi anayeingia kwa Telnet kupitia poti 23 anatuma neno lake la siri likiwa wazi, na mwenye kuchunguza mtandao analisoma. Poti 992, yenye kuficha maneno hayo, ipo tangu miaka mingi. Kutoitumia ni uzembe.

Hatari kubwa zaidi iko kwa watu. Vijana walioandika programu za 1988 sasa wanaenda pensheni. Namna ya kuhesabu riba ao kodi mara nyingi haikuandikwa kwenye karatasi. Iko ndani ya programu na kichwani mwa mtu mmoja. Siku anaondoka, kampuni inabaki na mashine nzima ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Ndipo mfumo mpya unanunuliwa mbiombio, na mteja ndiye anaumia.

Banki TSB ya Uingereza ilionja uchungu huo mwezi wa ine 2018. Mfumo iliouacha haukuwa AS/400, lakini somo ni moja: ilihamishia wateja wake kwenye mfumo mpya, na wengi wakashindwa kufikia akaunti zao. Mwaka 2022 ilitozwa faini ya zaidi ya pauni milioni 48.

Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi, vijana wanasoma informatiki na wengi wanamaliza bila kazi. Kila mtu anaangalia programu za telefone, wachache wanafikiria mashine inayojibu nyuma yake. Mwanafunzi mwenye intaneti anaweza kufungua akaunti ya bure kwenye seva PUB400 na kujifunza RPG kwa mashine ya kweli. Walimu waipe nafasi katika masomo.

Na kampuni yenye mashine kama hii iweke kijana kando ya mzee kabla mzee hajaondoka, na iandike kile anachokijua. Mashine nyingine inaweza kununuliwa kesho. Miaka 30 ya ujuzi hainunuliwi dukani.