Embu na Meru: Gavana hung'olewa, swali la fedha za umma hubaki palepale

KAUNTI za Embu na Meru, zilizoko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, zina sifa moja ambayo wakazi wake hawakuiomba. Embu ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini kushuhudia gavana wake aking'olewa mamlakani na Seneti, mwaka wa 2014. Meru nayo ilimfikisha gavana wake mbele ya Seneti mara tatu katika muda usiotimia miaka miwili.

Anayetazama juu juu aweza kudhani kwamba uwajibikaji umekita mizizi katika eneo hilo kuliko kwingineko. Hata hivyo, uchunguzi wa kina wa matukio hayo waonyesha picha tofauti. Utaratibu wa kumtimua gavana umekuwa ukijibu swali la nani atawale. Swali la pili, ambalo ndilo lililokuwa msingi wa malalamiko, kwamba fedha za wananchi zilikwenda wapi, limekuwa likiachwa njiani.

Mbegu za Embu

Itakumbukwa kuwa Bw Martin Wambora alichaguliwa gavana wa kwanza wa Embu mnamo Machi 2013 kwa tiketi ya chama cha TNA, kilichokuwa chama cha Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta. Kabla ya mwaka mmoja kumalizika, madiwani wa kaunti hiyo walikuwa wamempigia kura ya kumtimua, Januari 2014. Mwezi uliofuata, Seneti iliunga mkono uamuzi wao.

Miongoni mwa madai yaliyotolewa ni ukiukaji wa sheria za ununuzi na za usimamizi wa fedha za umma. Yalihusu ukarabati wa uwanja wa michezo wa Embu na mbegu za mahindi zilizonunuliwa na kaunti kwa ajili ya wakulima, ambazo ilidaiwa zilikataa kuota. Bw Wambora aliyakana madai hayo.

Kilichofuata kilikuwa vuta nikuvute ambayo nchi haikuwa imewahi kuiona. Aprili 2014, majaji watatu wa Mahakama Kuu wakiketi Kerugoya walimrejesha ofisini, wakisema hoja ya kumtimua iliendelezwa licha ya agizo la korti. Madiwani hawakukubali kushindwa. Kabla ya mwezi huo kwisha walimpigia kura kwa mara ya pili, na Mei mwaka huo huo Seneti ikamwondoa tena. Mahakama Kuu iliidhinisha uamuzi huo wa pili Februari 2015, lakini Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha Desemba mwaka huo.

Katika kesi hizo, Mahakama ya Rufaa iliweka kigezo ambacho kimekuwa kikirejelewa tangu hapo. Haitoshi kuonyesha kwamba sheria ilivunjwa katika kaunti. Ni sharti pawe na uhusiano wa moja kwa moja kati ya gavana mwenyewe na kosa linalotajwa.

Kigezo hicho ni cha haki. Gavana hawezi kubebeshwa dhambi za kila karani. Lakini kilizua pengo ambalo halijazibwa. Ikiwa gavana hakuhusika moja kwa moja, basi mtu mwingine alihusika. Kelele zote zilielekezwa kwa kiti cha gavana, na kiti kilipookolewa, mbegu za mahindi zikasahaulika. Bw Wambora alichaguliwa tena mwaka wa 2017, safari hii kwa tiketi ya Jubilee, na Januari 2021 magavana wenzake wakamfanya mwenyekiti wa Baraza la Magavana. Alimaliza mihula yake miwili mwaka wa 2022. Mkulima aliyepanda akangoja mvua bila kuona mche alibaki na hasara yake.

Gavana asiye na chama

Meru ilikuja na kisa cha aina nyingine. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, Bi Kawira Mwangaza aliwania ugavana bila tiketi ya chama chochote. Aliwabwaga vigogo wawili: Bw Mithika Linturi wa chama cha UDA, na gavana aliyekuwa akitetea kiti chake, Bw Kiraitu Murungi. Alipata zaidi ya kura 209,000, huku Bw Linturi akipata takriban 184,000 na Bw Murungi takriban 111,000.

Ushindi huo ulikuwa wa kihistoria, lakini ulikuwa na dosari iliyofichika. Bi Mwangaza aliingia ofisini bila chama ndani ya bunge la kaunti lenye madiwani 69, na bila mlezi wa kisiasa jijini Nairobi aliyelazimika kumtetea. Miezi minne baadaye, Desemba 2022, madiwani 67 walipiga kura ya kumtimua. Kamati maalumu ya maseneta 11 ilisikiza madai hayo na kumwondolea lawama.

Oktoba 2023 madiwani walirudi tena, safari hii 59 wakiunga hoja. Walimlaumu, pamoja na mambo mengine, kwa kuwapendelea jamaa zake na kutumia fedha za umma vibaya. Seneti nzima ilisikiza kesi hiyo Novemba na kumwokoa kwa mara ya pili. Mnamo Agosti 2024, hoja ya tatu ilipita kwa kura 49. Usiku wa kuamkia Agosti 21, Seneti ilimpata na hatia kwa mashtaka yote matatu: ukiukaji mkubwa wa Katiba na sheria, mwenendo mbaya uliokithiri, na matumizi mabaya ya mamlaka. Bi Mwangaza alikana yote.

Mahakama Kuu ilisimamisha uamuzi huo mara moja, na gavana akaendelea na kazi kwa karibu miezi saba. Machi 14, 2025, Jaji Bahati Mwamuye alitupilia mbali ombi lake, na siku chache baadaye naibu wake, Mchungaji Isaac Mutuma, akaapishwa kuwa gavana.

Msomaji na azitazame tena hesabu hizo. Madiwani waliotaka gavana aende nyumbani walikuwa 67, kisha 59, kisha 49. Upinzani dhidi yake nyumbani ulikuwa ukipungua kila mara. Jijini Nairobi mambo yalikwenda kinyume: aliokolewa pale alipopingwa na karibu bunge lote la kaunti, akaangushwa pale kura zilipozidi kidogo tu thuluthi mbili zinazotakiwa na sheria. Huenda ushahidi wa mara ya tatu ulikuwa mzito zaidi. Lakini je, mwananchi wa Maua au Nkubu atajuaje?

Kura bila maelezo

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inairuhusu Seneti kuchagua njia moja kati ya mbili. Yaweza kuunda kamati ya wanachama 11, ambayo huandika ripoti na kueleza ni kwa nini kila dai limethibitishwa au limekosa mashiko. Au yaweza kuisikiza kesi katika kikao cha wote, na mwishowe maseneta wakapiga kura.

Mara ya kwanza Meru ilipata kamati na ripoti. Mara ya pili na ya tatu ilipata kikao cha wote. Katika kikao cha namna hiyo maseneta hutamka kura zao, na idadi hutangazwa. Hakuna uamuzi ulioandikwa wa kueleza ni ushahidi upi uliokubaliwa na upi uliokataliwa. Mtu yule yule akisamehewa Novemba na kuhukumiwa Agosti, raia hana waraka wa Seneti wa kumweleza tofauti iko wapi. Penye ukimya huo ndipo uvumi hustawi. Wafuasi wa gavana husema aliuzwa kwa hesabu za siasa, na wapinzani wake husema aliponea mara mbili kwa hesabu hizo hizo.

Chama ni ngao

Suala hili si geni katika eneo hilo. Februari 2006, Bw Murungi, wakati huo akiwa mbunge wa Imenti Kusini na Waziri wa Kawi, alijiondoa kwenye baraza la mawaziri kufuatia kashfa ya Anglo Leasing. Alikana kuhusika. Novemba mwaka huo huo Rais Mwai Kibaki alimrejesha wizarani. Baadaye alichaguliwa seneta wa Meru, na kisha gavana.

Mei 2024 ilikuwa zamu ya Bw Linturi, aliyekuwa ameteuliwa Waziri wa Kilimo baada ya kushindwa ugavana. Bunge la Kitaifa lilipitisha kwa kura 149 dhidi ya 36 hoja ya kumtimua kufuatia sakata ya mbolea isiyofikia viwango, iliyouziwa wakulima kupitia mpango wa ruzuku wa serikali. Kamati ya wabunge 11 ilipoketi, ilimwondolea lawama kwa kura saba dhidi ya nne. Miezi miwili baadaye, Julai 11, Rais William Ruto alilivunja karibu baraza lote la mawaziri kwa shinikizo la maandamano ya vijana, na Bw Linturi hakurejeshwa. Kilichomwondoa ni barabara zilizojaa vijana waliokuwa wakipinga mengi kwa pamoja. Ripoti ya kamati ilikuwa imekwisha kumsafisha.

Kutoka mbegu za 2014 hadi mbolea ya 2024 ni miaka 10. Aliyeumia ni yule yule mwenye jembe.

Hulka hii ya chama kuwa ngao haipo Kenya pekee. Marekani, ambako utaratibu wetu umeiga mengi, Rais Donald Trump alishtakiwa na Bunge la Wawakilishi mara mbili, Desemba 2019 na Januari 2021. Mara ya pili, maseneta 57 kati ya 100 walimwona ana hatia, wakiwemo saba wa chama chake cha Republican. Hazikutosha, kwa kuwa sharti ni thuluthi mbili. Bi Liz Cheney, mbunge wa chama hicho aliyeunga mkono mashtaka, alipokonywa wadhifa wake wa uongozi bungeni Mei 2021, na Agosti 2022 akaangushwa katika mchujo wa chama jimboni Wyoming. Wenzake waliona yaliyompata.

Nchini Kenya ngao hiyo hugeuka upanga pindi urafiki unapovunjika. Oktoba 2024, Naibu Rais Rigathi Gachagua alitimuliwa kwa kura za wabunge 281, wengi wao wakiwa wa mrengo uleule uliomwingiza mamlakani. Mwana wa Tharaka Nithi, Prof Kithure Kindiki, alichukua nafasi yake. Tangu hapo Mlima Kenya umegawanyika, na mpasuko huo ulionekana wazi katika uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini, kaunti ya Embu, Novemba 27, 2025. Mgombea wa UDA, Bw Leo Wamuthende, alimshinda Bw Newton Karish wa chama cha DP kwa pengo dogo mno. Kampeni ilitawaliwa na swali la nani ni msemaji wa mlima. Fedha za kaunti na hospitali zake hazikupata nafasi kubwa jukwaani.

Deni la mwananchi

Wapo wanaohoji kwamba gavana aliyechaguliwa na maelfu hapaswi kuondolewa kirahisi na watu wachache. Hoja hiyo ina uzito. Wakazi wa Meru walimchagua Bi Mwangaza wakijua vyema hana chama, na waliompigia kura wana haki ya kuuliza mbona sauti yao ikafutwa na watu wasiowajua. Lakini heshima kwa kura haiwezi kuwa kinga dhidi ya maswali. Jibu ni kuufanya utaratibu wenyewe uaminike, apone au aangukie yeyote.

Mfano wa karibu ni Kiambu. Gavana Ferdinand Waititu aling'olewa na Seneti Januari 2020, lakini kesi yake ya ufisadi kuhusu zabuni ya barabara haikuishia hapo. Februari 2025 mahakama ilimpata na hatia na kumpa adhabu ya faini ya Sh53.5 milioni au kifungo cha miaka 12. Ilichukua miaka mitano, na bado ilitimia. Hapo swali la fedha lilijibiwa na chombo chenye wajibu wa kulijibu, mbali na kura za madiwani.

Hilo ndilo linalokosekana Embu na Meru. Kila hoja ya kumtimua gavana yenye dai la wizi yapaswa kuandamana na faili katika Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ili gavana akiokolewa au akiangushwa, maafisa waliotia saini malipo wasiponee kwenye vumbi la siasa. Seneti nayo iandike sababu za uamuzi wake kwa kila shtaka, hata inapoketi kama kikao cha wote. Madiwani, ambao wanapitisha bajeti na kupokea ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, waulizwe walikuwa wapi fedha zilipokuwa zikitoka.

Uchaguzi wa 2027 utawaleta wawaniaji Meru na Embu wakiwa na rangi za vyama vyao, vipya na vikuukuu. Mpiga kura atahimizwa achague upande wa mlima. Afadhali amshike kila mwaniaji kwa swali moja la wazi: ile mbegu iliyokataa kuota, nani aliilipia, na nani atarudisha pesa?