Wageni wanakuja Zanzibar: mwanakijiji anapata nini?

Mgeni anayefika Unguja hafuati fukwe peke yake. Hutembezwa mashamba ya viungo, hupelekwa Kizimkazi kutazama pomboo, na akija mwezi Julai huenda akashuhudia Mwaka Kogwa kule Makunduchi. Yote haya hufanyika vijijini. Je, wenyeji wanafaidika?

Tuangalie msitu wa Jozani, uliotangazwa pamoja na Ghuba ya Chwaka kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Wageni hulipa kiingilio ili wamwone kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Zanzibar tu. Lakini kima hajui mpaka wa hifadhi. Huingia mashambani akala nazi changa. Anachopigia picha mgeni, kwa mkulima ni hasara.

Ndiyo maana uliwekwa utaratibu wa kutenga sehemu ya kiingilio kwa ajili ya vijiji jirani na wakulima ambao mazao yao huliwa. Tunaona hilo ndilo jambo la msingi. Mkulima anayepata hasara tupu hana sababu ya kumlinda kima.

Kwa hiyo, kijiji chochote kinachopokea wageni kiulize mambo matatu: Nani anakusanya kiingilio? Mapato na matumizi yanasomwa wapi? Aliyeharibiwa shamba analipwa vipi, na lini? Majibu yatolewe hadharani, kwenye mkutano wa wanakijiji wote, si ofisini kwa watu wachache.