Kitabu cha Meli za Angani Sitakichoma



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja mpendwa alinifuata hadi ofisini akiwa amebeba kitu kimefungwa kwa gazeti, amekishika mbali na mwili kama mtu aliyeokota nyoka. Ndani mlikuwa na kitabu kilichochapishwa saiba, daftari la shule, penseli na dadu mbili za plastiki. Akaniambia, "Pasta, nimevitoa chini ya godoro la kijana wangu. Tuombe, halafu tuchome." Kufikia jioni sauti ilikuwa imezunguka kwenye kundi la wazazi la WhatsApp kwamba vijana wetu wa ushirika wanaita majini kutoka kwa nyota, tena ndani ya darasa la shule ya Jumapili. Jumatatu asubuhi mzee mmoja wa kanisa akanitumia mistari kumi na miwili ya Maandiko na picha ya kiberiti.

Nimenyamaza wiki nzima. Wengine mmesema Pasta ameogopa vijana. Hapana, nilikuwa nasoma. Sasa nimemaliza, na jibu langu ni hili: sichomi.

Kwanza tujue tunazungumza juu ya nini, maana waliopiga kelele zaidi hawajafungua hata ukurasa mmoja. Mchezo unaitwa Traveller. Ulitoka Marekani mwaka 1977, ukatungwa na Marc Miller na kuchapishwa na Game Designers' Workshop, vijitabu vitatu vyeusi ndani ya sanduku dogo. Hauna ubao wala karata wala skrini. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni refa, yeye anaeleza mlipo na yanayotokea. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni: huyu rubani, huyu injinia, huyu daktari, huyu askari mstaafu. Refa anasema mlango wa meli umekwama na upande wa pili kuna mtu anagonga, mnafanya nini? Mnashauriana, mnajibu. Kukiwa na jambo lisilo na uhakika, dadu mbili zinarushwa, na mara nyingi ukipata 8 au zaidi umefaulu. Basi. Nilitafuta mishumaa, damu na majina ya mapepo. Nikakuta hesabu za mafuta.

Na meli yenyewe? Ndugu, kama umewahi kuendesha matatu ya mkopo, meli hii unaijua. Kanuni za ule mchezo wa kwanza zinasema utalipa benki sehemu moja ya 240 ya bei ya meli kila mwezi, kwa miezi 480. Piga hesabu: miaka 40, na mwisho umelipa bei mara mbili, bila kuhesabu malipo ya mwanzo. Juu yake kuna mafuta, mishahara, ada ya bandari na matengenezo ya kila mwaka. Usipopata mzigo, benki haikuhurumii. Kila safari ya kuruka kutoka nyota moja hadi nyingine huchukua kama wiki nzima, na hakuna simu wala redio inayoweza kuitangulia meli. Habari husafiri na watu, kama zamani. Mkifika ugenini hamwezi kumpigia mama, wala polisi, wala pasta.

Hapo ndipo visa vyao huanzia. Tarehe ya mkopo inakaribia, mfuko ni mtupu, na mtu anakuja kwenye meza yenu hotelini kule bandarini. Sisi jina lake tunalo tayari: tajiri. Amevaa vizuri. Ana kazi ndogo. Pelekeni sanduku hili, msilifungue. Mtafuteni binti yangu aliyetoroka nyumbani. Lindeni mgodi wangu siku kumi. Malipo ni mazuri kupita kiasi, nusu mnapata sasa hivi. Mwaka 1980 kampuni ileile ilitoa kitabu kizima cha matajiri wa namna hii, kinaitwa 76 Patrons, na sikilizeni jinsi kinavyofanya kazi. Ombi la tajiri linaelezwa mara moja, kisha refa anapewa kweli kadhaa tofauti zinazoweza kuwa nyuma ya maneno yaleyale, na anaweza kuchagua kwa dadu. Chukua yule binti: labda ametoroka kweli. Labda si binti yake, ni shahidi anayewindwa auawe. Labda yeye ndiye aliyemtuma huyo tajiri, awapime. Wachezaji hawajui ni ipi. Silaha yao ni kuuliza maswali.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini, nikawafikiria vijana wa nchi hii.

Nani kati yetu hamjui tajiri wa hotelini? Kuna Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand, wakajikuta wamefungiwa Myanmar, wakilazimishwa kutapeli watu mitandaoni. Sanduku waliloambiwa wasilifungue lilikuwa maisha yao wenyewe. Swali la kuuliza lilikuwa jepesi: mbona unanilipa hivi kwa kazi nyepesi hivi, na nikitaka kurudi nyumbani nani atanirudisha? Lakini sisi madhabahuni tuliwafundisha neno moja, "Napokea!" Nami nimo. Nimewahi kuinua pasipoti za watoto wenu juu, nikazitia mafuta, nikatangaza milango imefunguka, na sikumuuliza hata mmoja ajenti wake ni nani. Mungu anisamehe. Halafu leo mnaniletea kitu kinachomfundisha kijana kuuliza, mnataka tukichome.

Lile daftari pia nimelisoma, kwa ruhusa ya mwenyewe. Ni kijana wa miaka 22, amemaliza chuo, anatafuta kazi, na ndiye refa wao. Ameandika humo visa vyake mwenyewe. Kimoja ni cha meli iliyokodiwa kupeleka mbegu za mahindi kwenye sayari yenye njaa. Njiani injinia anagundua mbegu zimetengenezwa zizae mara moja tu, ili watu wale wawe wateja wa tajiri kila msimu hadi kufa. Mkizifikisha mmewafunga nira. Mkizimwaga, watoto watakufa mwaka huu. Wazee wa kanisa, kaeni na hiyo jioni moja kabla hamjanitumia picha nyingine ya kiberiti.

Kisa cha pili kilinikosesha usingizi. Kuna sayari ya wachimba madini, nje hakuna hewa ya kupumua, kila mtu hutembea na kofia ya oksijeni. Anatokea nabii. Anasema kofia ni alama ya kutoamini. Wa kwanza anavua, anaanguka, na nabii anasema imani yake ilikuwa ndogo. Wanaendelea kuvua. Mke wa mlinzi wa lango anawajia wageni wa meli usiku, hana pesa ya kuwalipa, anawaomba wamtoe yeye na watoto wawili. Pale mwishoni pa ukurasa kijana ameandika swali kwa wachezaji wake: mtazungumzaje na watu walioambiwa kwamba kuuliza ni dhambi?

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Watu wale hawakupotezwa na dadu. Walipotezwa na mtu aliyeshika Biblia kama ninavyoishika mimi, akawaambia wafunge hadi wafe, wakamwonana na Yesu. Kijana huyu huketi safu ya nne kila Jumapili, na kuna jambo alitaka kuniuliza, hakuthubutu, akalipeleka kwenye nyota za mbali ambako hatagombezwa. Mtu akiniambia nichome daftari hilo, ananiambia nifanye kazi ya yule nabii.

Sasa kuna wanaosema, "Lakini Pasta, kuigiza ni uongo." Someni Ezekieli 4. Mungu mwenyewe anamwambia nabii achukue tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu, aujengee boma na kuuzingira kwa majeshi. Ni mtu mzima amekaa chini na mji wa kuchora na vita vya kuigiza, tena kwa agizo. Someni 2 Samweli 14, yule mama mwenye hekima wa Tekoa. Yoabu anampa maneno, yeye anavaa nguo za matanga na kuigiza mjane mwenye wana wawili mbele ya mfalme, mpaka Daudi anatoa hukumu inayomrudia mwenyewe. Nathani alikuwa amemfanyia vivyo hivyo sura mbili nyuma, kwa kondoo mmoja.

Na wanaosema dadu ni za mganga, wasome Mithali 16:33, kisha Matendo 1:26, waone Mathiya alivyopatikana. Sisemi kura ya mitume ni sawa na mchezo. Nasema kipande cha plastiki chenye nukta hakina pepo. Pepo wa kamari ninamjua, na humtambua kwa pesa. Mezani pa vijana hakuna hata shilingi kumi. Lakini baadhi yenu mliosambaza sauti kuhusu dadu mbili, mna kale kandege ka kamari kwenye simu, mnakatazama kakipaa wakati wa mahubiri, na karo ya mtoto ikapaa nako. Mnajijua. Sitaji jina la mtu.

Hofu hii haikuanza nasi. Kule Marekani miaka ya themanini makanisa mengi yaliusimamia kidete mchezo wa Dungeons & Dragons wa mwaka 1974, yakisema unaua watoto. Mama mmoja, Patricia Pulling, aliyefiwa na mwanawe kwa kujiua, aliunda chama cha kuupinga mwaka 1983. Uchungu wake ulikuwa wa kweli na siwezi kuucheka. Ila alichokilaumu hakikuthibitishwa. Na hapa kwetu, tuliokuwa wadogo wakati Rais Moi alipounda tume ya kuchunguza ibada ya shetani mwaka 1994, tunakumbuka tulivyokagua pete za watu. Tulimtafuta shetani vidoleni mwa wageni, naye akatuingilia kwa mlango wa mimbari.

Msidhani nimekubali kila kitu. Kuna sura inayohusu nguvu za akili, watu kusoma mawazo ya wengine. Nimewaambia vijana waiache, na hatukubishana sana. Kuna jambo lingine lililonikera zaidi, na hakuna aliyelilalamikia, kwa sababu halifanani na uchawi. Abiria maskini husafiri wakiwa wamegandishwa usingizini, kwa nauli ya chini, na wengine hawaamki. Kanuni za zamani zina bahati nasibu humo: abiria hukisia ni wangapi wataamka hai, na aliyeshinda akiwa amekufa, pesa ni za nahodha. Nilimwuliza refa wetu kama atalitumia jambo hilo. Akasema ndiyo, Pasta, nataka waione meli inayofanya hivyo, waamue kama watapanda. Nikanyamaza.

Jumamosi niliketi nao. Nilipewa kazi ya uhasibu wa meli, wakacheka kwamba najua sadaka. Tulikuwa na mzigo wa dawa, siku tisa kabla ya tarehe ya mkopo, mafuta ya kutosha safari moja tu. Ikaingia sauti ya redio, meli ndogo imepasuka, inaomba yeyote anayesikia. Kila mtu akanitazama mimi mwenye daftari la hesabu. Nikaeleza vizuri kabisa: tukigeuka tunachelewa, benki itachukua meli, na wanaosubiri dawa nao ni watu. Tukatoe taarifa bandarini, walio na vifaa waje. Nilikuwa na hoja tatu, kama kawaida yangu.

Binti mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza polepole, "Pasta, si hii ni Luka 10?"

Nimeihubiri sura hiyo miaka kumi na minane. Nimemchapa yule kuhani kila mara. Sikuwahi kufikiri kwamba naye alikuwa na mahali pa kufika, na tarehe, na hoja tatu nzuri.

Tuligeuza meli. Tulikuta watu watatu wako hai. Mkopo hatujalipa mpaka sasa, na refa anasema benki imetuma mtu.

Kitabu, daftari na dadu viko kwenye droo ya meza yangu, na ufunguo ninao mimi. Jumamosi hii saa tisa alasiri tunaendelea, darasa la shule ya Jumapili, mlango wazi. Mzee wa kiberiti, karibu, tunahitaji rubani asiyeogopa. Na wewe mama uliyeniletea gazeti lile, kijana wako hajui kwamba ninakuandikia haya. Njoo. Wale watu watatu wameumia vibaya, meli yetu haina daktari, na wewe ni muuguzi.